Tomati za Ukutani

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, aliichukia sura yake ya kwenye karte. Naanza hapo kwa sababu kila kitu nilichofanya kiangazi kile, kulima bustani, kupaka ukuta, kupiga foto, kilitoka hapo. Mutu asiyejua hilo angeniona muzee aliyepungukiwa akili, na jirani yetu alinieleza hivyo waziwazi.

Karte ninayosema ni ile ya mukimbizi. Tulipovuka ziwa kutoka upande wa Congo tulipokelewa Kenani, kambi ya upande huu, na pale kila mutu alipigwa foto. Kijana mwenye apareyi alikuwa na adabu, alituita mama na baba, sina neno juu yake. Siku yenyewe ndiyo ilikuwa mbaya. Bibi yangu alikuwa ametapika ndani ya mutumbwi tangu upande ule mpaka huu. Akaombwa afungue kitambaa cha kichwa ili sura yote ionekane, na mama wa umri ule kufunguliwa kichwa mbele ya watu ni sawa na kuvuliwa nguo. Basi kwenye karte yuko pale, nywele zimesimama, midomo imepasuka, macho kama ya mbuzi aliyesikia kisu kinanolewa. Miaka ilipita. Alinenepa tena, akacheka tena, akauza mikate ya kukaanga njiani, lakini kila tulipoambiwa tuonyeshe karte aliitoa akiifunika sura kwa kidole gumba.

"Huyu si miye," alisema. "Huyu ni ile siku."

Sasa cheka kama unataka: miye mume wake ni mupiga foto. Shule sikusoma, nilitoka kabla sijajua kugawanya hesabu, lakini kule kwetu nilikuwa na studio. Chumba kimoja cha mbele ya nyumba, kiti kimoja, na pazia kubwa nililolipaka rangi kwa mukono wangu. Nilichora ndege, mulango wake wazi, na ngazi. Mutu alisimama mbele ya ngazi na kofia yake, na kwenye foto akaonekana anashuka kutoka Ulaya. Wavuvi ambao hawakufika hata Lubumbashi walishuka kwenye ndege ile kila Jumapili baada ya misa. Mumoja alikuja na mbuzi wake, akataka mbuzi naye ashuke. Nilimupiga. Mbuzi alitoka vizuri kuliko mwenyewe, akatulia, akaangalia apareyi kama waziri.

Bon, nisipotee. Nilitaka kusema kwamba mbele ya pazia lile nilimupiga bibi yangu foto nyingi, akiwa musichana, akiwa na mimba, akiwa na mutoto mugongoni, na zote zilibaki. Siku ya kukimbia tulibeba sufuria, blanketi, na apareyi yangu. Foto, nani angezikumbuka? Zilikuwa ukutani, kila siku tulizipita, hazikuonekana tena kama kitu cha kubeba.

Hapa Nchelenge tulipata kiwanja kidogo si mbali na Kafutuma, karibu na maji. Kazi yangu ilikufa polepole, juu simu zilikuja na kila mutu akawa mupiga foto wa sura yake. Nilibaki na apareyi ndogo ya batri, na batri yenyewe imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Naichajisha kwa kinyozi mwenye sola, naye ananiuliza kila mara kama ninafuga maiti.

Baridi ilipokuwa inaisha, miguu ya bibi yangu ilianza kuvimba. Hakuweza kulala, alisinzia amekaa, ameegemea ukuta. Muuguzi alinieleza taratibu kwamba moyo umechoka. Alitoa dawa, akaeleza namna ya kuzimeza, kisha akasema, akiangalia dirisha, kwamba watoto wetu wajulishwe. Tuna wawili, mumoja Lubumbashi na mumoja Kitwe. Tuliwajulisha. Walilia kwenye simu. Kulia kwenye simu ni kazi ngumu, unasikia halafu mutandao unakata, unabaki na kilio cha nusu sikioni.

Kwetu mutu akifa, foto yake inatembea mbele ya sanduku. Kijana wa familia anaishika kifuani, sura inaangalia njia, na walio barabarani wanajua nani anapita, wanavua kofia. Basi siku ile tuliyotoka kwa muuguzi, miye nasukuma baiskeli na yeye amekaa nyuma, alisema:

"Baba, watanipitisha na ile ya karte."

"Nani amekufa hapa?"

"Sijasema nani amekufa. Nasema watanipitisha na ile. Hakuna ingine."

"Nitakupiga leo leo."

"Leo nimevimba sura yote. Unataka kumutoa kichaa umuweke chura?"

Tulicheka, nikasimamisha baiskeli ili tucheke vizuri, na yeye akashika kifua juu kucheka kulimuumiza. Hapo nikaahidi. Sikuapa kwa Biblia, nilisema tu, "Ile ya karte haitakupitisha," na yeye akajibu, "Nimesikia." Kwa watu waliokaa ndoani kama sisi, hiyo inatosha kukufunga mikono.

Lakini alikuwa na masharti yake. Hatapigwa amelala. Hatapigwa amekaa, juu foto ya kukaa ni ya mugonjwa ao ya mukubwa kwenye meza ya biro. Atasimama, kitambaa kichwani, mbele ya nyumba yetu ya kule, na tomati nyekundu pembeni, kama zile alizokuwa nazo nyuma ya jiko na kila mutu alizisifu. "Tomati zikiiva kwenye muti wake, nitasimama," alisema. Nafikiri alitaka kunipa kazi, nisikae nikimusikiliza anavyovuta pumzi. Ao alitaka kujipa muda yeye mwenyewe. Sikuuliza.

Ndiyo namna miye, mutu wa apareyi, nilivyoingia kulima.

Udongo wetu hapa ni muchanga muchanga, unamwaga maji na yenyewe yanakwenda zake. Nilipata miche ya tomati na mbegu za lengalenga, ndiyo mchicha, nikachimba pembeni ya nyumba fasi ambayo bibi yangu angeiona akiwa kwenye mukeka wake. Mbolea sikuwa nayo. Lakini kwenye ufuko huu kitu kisichokosekana ni takataka za samaki. Nikajiona mwerevu. Nikaokota vichwa, matumbo, na chisense iliyooza, zile samaki ndogo wanazoanika kwenye muchanga, nikazika kila shimo fungu lake, juu yake muche. Jirani yetu, mujane wa hapa hapa, anasema Bemba na anauza hiyo chisense, alinitazama kutoka kwenye uzio. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kupandisha na kushusha bei, lakini kwa kutukana kinamutosha.

"Bashikulu," akaniita, ndiyo babu kwa lugha yao, "unazika samaki? Utawasomea na misa?"

"Ni mbolea, mama."

"Sawa. Ukizika ng'ombe, niite."

Miche iliwaka. Sijawahi kuona majani kama yale, meusi kwa afya. Asubuhi na jioni nilileta maji kwa ndoo kutoka ziwani, na bibi yangu kwenye mukeka alikuwa anaamuru. "Huo wa pembeni umeusahau. Usimwage kwenye jani, mwaga kwenye mizizi. Baba, unamwagia kama unazima moto." Wiki zile alipumua vizuri kidogo. Maua yalitoka, maua madogo ya njano, akaomba nimuletee moja, akalisugua kwenye vidole, akanusa vidole. Siku nzima alikuwa ananusa vidole.

Jua lilipokuwa kali, mchana, nilipaka ukuta. Pazia la kuchora sikuwa nalo, basi nikauchukua ukuta wa nyumba yenyewe, ule unaoangalia asubuhi, nikautengeneza kwa potopoto, udongo wa maji, mpaka ukawa laini. Nyeupe nilitoa kwenye udongo wa mutoni. Nyeusi ni makaa. Nyekundu ni ya kichuguu. Kushika rangi nilitumia maji ya bukari, ndiyo ugali, yale mazito yanayobaki kwenye sufuria. Ya majani ndiyo ilinisumbua. Nilisugua majani ya muhogo, yakatoka mazuri, kesho yake jua limeyafanya ya kahawia kama muhogo wa mwaka uliopita. Nikasugua tena, na tena, kila siku nilikuwa napaka upya miti ileile. Wapita njia walisimama. Wengine waliuliza kama ni kanisa jipya.

Nilichora nyumba yetu. Bati lake, dirisha la studio, kibao chenye kuandikwa FOTO, mupapai, mulango. Nilipomaliza nikamugeuza bibi yangu pamoja na mukeka wake ili aone. Alitazama pembe mpaka pembe. Nikafikiri analia.

"Mulango uko wapi?" akasema.

"Huu hapa."

"Huo ni wa wageni. Mulango uko huku, upande wa jiko."

"Mama, huko ni nyuma. Mutu hawezi kuchora mbele na nyuma kwenye ukuta mumoja."

"Rangi ni yako, ukuta ni wako. Unashindwa nini?"

Tulibishana juu ya mulango ule kiangazi chote, nakwambia ukweli. Na nilipokuwa naleta maji nikaelewa kitu. Miye nyumba ile naijua kutoka barabarani, juu wateja walitoka huko na miye niliwangojea huko. Yeye aliijua kutoka jikoni. Alipitia nyuma, akatokea nyuma, watoto walimukimbilia nyuma. Kumbe tulikaa miaka yote ile kwenye nyumba mbili. Lakini nilikuwa mukaidi, nikasema ndege yangu ya zamani ilikuwa na mulango mumoja na hakuna mutu aliyelalamika. Akasema, "Ile ndege haikuruka."

Tomati zilikuwa zimeshiba, bado kijani, zimeanza kung'aa kwenye matako kama zinavyofanya kabla ya kugeuka, asubuhi nilipotoka na ndoo nikakuta shamba limekwisha. Mbwa. Mbwa wote wa ufuko huu, wale wanaoshinda kwenye vichanja vya samaki, walisikia harufu ikipanda na joto, wakaja wakafukua shimo moja moja mpaka kichwa cha mwisho. Miche imelala mizizi juu. Mumoja alikuwa bado yuko pale, analamba udongo, akanitikisia mukia kama mutu anayeshukuru baada ya chakula.

Jirani alikuja mbio kwa kelele zangu. Akashika kiuno.

"Bashikulu, wewe haukulima tomati. Umelima mbwa."

Kisha akaona bibi yangu amesimamisha kichwa kule mukekani, akafunga kikwembe chake vizuri, akaanza kuokota tomati za kijani moja moja. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba atakwenda sokoni kutafuta nyekundu, tuzifunge na uzi kwenye miche, tuisimamishe kwa miti, foto haitajua.

"Niko mugonjwa wa moyo," bibi yangu akasema kutoka kule, "si wa masikio."

Siku zile zilizofuata ndizo mbaya. Hakunikasirikia. Ningependa anikasirikie. Alikula kidogo, akaangalia lile shamba tupu, na miguu ikarudi kuvimba. Joto la mwezi wa kumi limekaa juu ya ziwa kama kifuniko, mawingu yanajikusanya na kutawanyika. Niliona wakati unakwisha na karte iko kwenye mufuko wa plastiki juu ya sanduku la nguo, inangoja. Ilikuwa inangoja kweli. Niliihamisha, nikaiweka chini ya godoro, na bado niliiona.

Nikarudi kwenye ukuta. Jirani alikuwa ndani anamunywesha uji, nikafunga mulango kusudi asione. Nilipandisha miche ya tomati kando ya mupapai, mirefu, yenye majani ya muhogo yaliyosuguliwa palepale. Nyekundu ya kichuguu haikutosha, ilikuwa nyekundu ya kuchoka. Nikaichanganya na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na hapo ikawaka. Nilipaka tomati mpaka jua likatua. Nyingine niliziacha nusu kijani, juu bustani ya kweli haiivi siku moja.

Asubuhi nilimufungulia mulango. Sisimizi walikuwa wamekwisha kupanda ukutani kufuata mafuta. Bibi yangu akatazama.

"Umeiba," akasema.

"Nimeiba."

"Nilisema kwenye muti wake."

"Ziko kwenye muti wake. Angalia."

Akaangalia tena, na mashavu yake yakaanza kucheza. "Lakini ni nyekundu," akasema. "Nipe kitambaa. Kile cha bluu."

Jirani alimusimamisha. Walikwenda hatua kwa hatua mpaka ukutani, kisha jirani akamwachia na kurudi nyuma akiwa amenyoosha mikono, kama mutu aliyeweka yai juu ya meza. Bibi yangu alisimama. Peke yake. Alinyoosha kikwembe, akainua kidevu, na uso wake, sijui nikwambieje, uso wake ulikuwa ni ule wa musichana aliyekuwa anakuja studio kudai foto ambazo hakuzilipia. Nikaweka jicho. Mikono yangu iliyopiga watu wengi foto maisha yote bila kutetemeka, siku ile ilitetemeka. Nikangoja itulie. Ningepiga tu. Nilingoja itulie.

"Lakini baba," akasema, "ule mulango..." na akageuka, akanyoosha mukono kuonyesha, na kidole changu kikabonyeza.

"Geuka, mama, geuka hapa!"

Aligeuka. Apareyi ikalia ti-ti-ti, ikajifunga. Batri. Nilibonyeza, nikaitoa, nikaipasha joto kwenye kwapa, nikairudisha. Kufa. Yeye amesimama ananiangalia, anacheka, halafu hacheki, halafu jirani akamukimbilia.

"Kesho," bibi yangu akasema tulipomulaza. "Peleka kwa kinyozi. Kesho nitasimama."

Batri ilipona. Yeye hakusimama tena. Nilimwomba aniruhusu hata amekaa, hata shingo na kichwa tu, akatikisa kichwa. Jirani alimubembeleza kwa Bemba na Kiswahili, akamwita mayo, ndiyo mama, akamwita dada. "Mulisikia nilichosema," ndiyo jibu lake, na kwenye neno hili hakuongeza lingine. Alifariki mchana, wakati watu wanaanua chisense juu mawingu yalikuwa meusi. Nilisikia wanaitana ufukoni, wanakimbizana na mvua, na mvua yenyewe haikunyesha.

Kwenye kilio wamama wa kwaya walikuja na zawadi. Walikuwa wamepata karte, sijui nani aliwapa, katika kutafuta nguo za kumuvalisha watu hufukua kila kitu. Walikwenda nayo boma, mjini kwenye ofisi za wilaya, ikakuzwa, ikatiwa kioo na maua ya plastiki. Walifanya kwa mapendo. Walinipa kwa mikono miwili. Na yeye akanitazama kutoka kule, nywele zimesimama, mukubwa kuliko alivyokuwa.

Nikawaambia siwezi. Nikawaonyesha ile ingine, ndogo, niliyoichapisha nami hukohuko boma.

"Baba," mama mumoja akasema, "hii ni mugongo."

"Ndiyo."

"Mutu anapita vipi mbele ya watu akiwapa mugongo? Watasema amekasirika na ulimwengu."

"Waseme."

Walinong'ona. Vijana wa kanisa hakuna aliyetaka kuishika, mumoja alisema itamuletea mukosi. Desturi haikubali mume atangulie sanduku, mume anafuata nyuma akishikwa mabega. Nilitangulia. Niliishika kifuani, kitambaa cha bluu, mugongo wake, mukono umenyooshwa, na mbele yake tomati. Ile ya maua niliiacha nyumbani juu ya kiti, nimeilaza kifudifudi. Jirani alitembea kando yangu ili nisitembee peke yangu.

Njiani bibi kizee mumoja aliyeuza mihogo alisimama, akasogeza uso karibu na foto, juu macho yake hayaoni vizuri.

"Anaonyesha nini?" akauliza.

"Mulango," nikasema.

Akaitikia kama mutu aliyejibiwa vizuri, akakaa chini kwenye mihogo yake.

Mvua ilinyesha wiki ile. Ukuta hauna baraza, ulikwenda wote, kwanza rangi ya majani, halafu nyeupe, na nyekundu ya mafuta ndiyo ilichelewa, ilibaki madoadoa, mpaka sasa iko. Kabla ya mvua nilikuwa nimechora mulango wa jiko fasi kidole chake kilipoonyesha. Sikuuliza kama mbele na nyuma vinakaa pamoja. Ulikaa siku mbili tatu hivi.

Sasa niseme neno la mwisho na nisilifiche, juu kwa umri huu kuficha ni kujichosha. Ahadi niliitimiza. Ile ya karte haikumupitisha. Lakini mutu wa foto anajua kitu ambacho wengine hawajui: sura ya mutu haikai kichwani bila karatasi, inafutika taratibu, kuanzia mudomo. Na karatasi yenye uso wake iko moja tu. Nimeiweka chini ya nguo, kioo chini. Sijaichoma. Nilisema sitaiangalia, na nimeiangalia. Nikifunga macho kumutafuta, yule anayekuja siku hizi ni wa ile siku, midomo imepasuka. Namwambia si wewe ninayekutafuta. Ndipo nachukua ile ya mugongo, nakwenda kukaa nje kwenye madoadoa mekundu, namwangalia kitambaa, bega, mukono ulionyooshwa, nangoja ageuke.